Mkono Uliofunga Tela

Huku kwetu mtu akikufungia tela, huendi nyuma kulitazama. Unapanda gari, unawasha, unaondoka. Ukienda kulitazama umemtukana, tena tusi la mbele za watu. Harlan Doss alimfanyia hivyo Ansel Brekke siku moja mnadani: kafungiwa tela, kasema asante, halafu kainama kupapasa chini. Ansel hakumsemesha tena mpaka watoto wao wakawa na watoto. Na Harlan mwenyewe alikubali kwamba kosa lilikuwa lake. Ndivyo tulivyo sisi watu wa Wyoming, na anayetuona wapumbavu shauri yake, ila asubiri kwanza asikie yaliyompata Nedra, mkewe Ansel, kwa ajili ya ustaarabu huo huo.

Nedra ndiye aliyekuwa akitubebea farasi. Ukiwa na jike la kupelekwa kwa daktari Laramie, au dume ulilolinunua ng'ambo ya milima, jibu lilikuwa moja tu: mpigie Nedra. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, anakalia mto ili aione barabara vizuri, na sauti yake farasi wa watu waliijua kuliko ya wenyewe. Hakuwahi kupindua tela. Hakuwahi hata kuwaangusha farasi magoti kwa breki ya ghafla. Katika barabara ile yetu, ambayo upepo wake hulaza malori mazima ubavuni kama ng'ombe waliolala, hilo si jambo la kusemwa kwa haraka.

Alikuja huku bibi arusi, kutoka Nebraska kwenye tambarare, na upepo wa mwaka wa kwanza ulimliza. Ansel ndiye aliyemfundisha. Alimketisha nyuma ya usukani wa pikapu yenye tela tupu, yeye akakaa pembeni, mikono kifuani, kofia usoni, kama mtu aliyelala. "Mzito mbele," alimwambia. "Farasi mzito mpakie mbele, mwepesi nyuma. Ukipakia kinyume mkia wa tela utacheza, na mkia ukicheza, mama, usikanyage breki. Umesikia? Ukikanyaga umekwisha. Mguu toa kwenye mafuta, usukani ushike sawa, halafu ufinye hiki hapa." Akamwonyesha kile kidude kilicho kando ya usukani, cha kuzifunga breki za tela peke yake. "Taratibu. Tela likivuta nyuma, linanyooka lenyewe. Na mteremko unashukwa kwa gia ya kupandia. Usisubiri ushike kasi ndipo uanze kutafuta gia ndogo. Utaikuta kaburini."

Tangu siku ile wakagawana kazi. Yeye Ansel anafunga, Nedra anaendesha. Kila asubuhi ya safari Nedra akitoka na chupa yake ya kahawa anakuta tela limeshafungwa, farasi wameshapakiwa, na mumewe amesimama mlangoni pa pikapu na glavu zake mkononi. "Haya mama, kazi kwako." Basi. Hawa hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani wala kuitana majina matamu. Mapenzi yao yalikuwa pale, kwenye kile kipande cha chuma, na Nedra hakuwahi kugeuza shingo kukitazama.

Halafu Ansel akaanza kupotea kidogo kidogo.

Kwanza ilikuwa mambo ya kuchekwa. Chumvi kwenye kahawa. Mbwa kuitwa jina la mbwa aliyezikwa zamani, na mbwa mwenyewe, kwa adabu zake, anakuja. Ansel anakwenda bandani, anarudi, anauliza alikwenda kufanya nini. Watu wakasema uzee. Yeye akasema uzee. Nedra akasema uzee kwa sauti kubwa kuliko wote.

Masika yale Nedra alipita na farasi wawili juu ya vile vyuma vya kuzuia ng'ombe, vilivyolazwa barabarani mwishoni mwa shamba lao, akasikia nyuma yake mlio asioujua. Akasimama. Akashuka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yake akainama kutazama kazi ya mumewe, na akaona aibu kufanya hivyo, aibu ya kweli, kama anampekua mifuko. Kichwa cha tela kilikuwa kimekalia ule mpira wa chuma ulio nyuma ya pikapu, lakini komeo lake lilikuwa wazi na pini inaning'inia. Shimo moja tu la barabarani, na tela lile na wanyama wake lingekwenda zake. Nedra akakaa chini kwenye changarawe. Kisha akafunga komeo, akatia pini, akaenda safari yake.

Jioni mumewe akamuuliza, "Safari?"

"Nzuri."

"Tela?"

"Lilikaa kama ulivyolifunga."

Ansel akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaendelea kula. Uongo ulianzia hapo mezani, na ulikuwa mwepesi mno kutamka.

Tangu hapo kila safari Nedra aliagana naye kama kawaida, akaendesha mpaka nyuma ya kilima, mahali ambapo dirisha la jikoni halimwoni, akasimama. Akapapasa kila kitu. Siku nyingi hakukuta kosa lolote, na hizo ndizo zilizomtesa, maana alirudi nyumbani anajiambia labda ilikuwa mara moja tu. Siku nyingine minyororo ya usalama ilikuwa inaburuzwa. Siku nyingine ule waya unaotakiwa kuzifunga breki tela likichomoka ulikuwa umeviringishwa mahali pasipo na kazi. Na siku moja alikuta kosa baya kuliko yote, kwa sababu halionekani. Wana mipira miwili pale bandani, mmoja mkubwa wa tela la farasi, mmoja mdogo wa kigari cha kubebea kuni. Ansel alikuwa ametia ule mdogo. Kichwa cha tela kilikuwa kimeukalia, komeo limefunga, pini iko mahali pake, minyororo imepishana vizuri kabisa. Ukisimama pembeni unaona kazi ya fundi. Lazima utie mkono chini ndipo uhisi nafasi iliyobaki, kidole kizima kinapita. Siku ile Nedra alipakua farasi nyuma ya kilima, akawafunga kwenye ua, akarudi bandani kwa siri kuchukua ule mpira mkubwa, akaubadilisha peke yake huku analia na kutukana. Alimtukana nani hajui.

Mwambie mtu basi! Ndivyo wewe na mimi tungesema. Lakini mwambie nani? Akimwambia Ansel, amemwua akiwa hai. Mtu ambaye hawezi kufunga tela huku kwetu ni mtu wa kukalishwa kwenye kiti na kufunikwa blanketi. Na akimwambia mwingine yeyote, ni kama kamwambia Ansel, maana eneo letu ni kubwa lakini midomo yetu imekaribiana. Binti yao, Maren, anayefanya kazi duka la chakula cha mifugo kule Laramie, alimuuliza mwenyewe siku moja wanaosha vyombo. "Mama, baba mzima kweli?"

"Mzima."

"Jana kaniuliza naishi wapi."

"Alikuwa anakutania. Babako ni mzee tu, Maren. Hata wewe utazeeka, tuone utakavyokumbuka."

Maren akacheka, yakaisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nedra aliijua hiyo, na alificha vile vile.

Ilikuwa Oktoba, wakati wa kuwashusha farasi kwenda kwenye malisho ya baridi, upande wa pili wa Laramie. Walikubaliana iwe Ijumaa. Maren aje, Ansel afunge, Nedra aendeshe. Alhamisi Nedra alikuwa jikoni kanisani na kina mama wengine, wanapika chakula cha matanga ya Harlan Doss, yule yule wa mnadani, Mungu amrehemu. Upepo ulikuwa umeanza tangu alfajiri. Madirisha yanatetemeka, mlango wa nyuma unafunguka wenyewe na kujibamiza mpaka Opal, mkuu wa jiko lile kwa kujiteua mwenyewe, akauegemezea gunia la unga.

Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Ujumbe wa Maren. Mama, nimekuja leo, wanasema kesho barabara itafungwa kwa upepo. Baba kashafunga tela, farasi wote wanne wamo. Nimemchukua anisindikize, kafurahi sana. Tumeshapita kanisani, usihangaike na chakula.

Nedra alisoma, akasoma tena. Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Nedra," Opal akamwita, "hicho kiazi unakimenya au unakichonga sanamu?"

Wenzake wakacheka. Nedra alikuwa ameshapiga simu. Haikupita. Kule bondeni simu hazishiki, kila mtu anajua. Akapiga tena, akapata sauti ya mwanawe ikimwambia aache ujumbe. Maren alilelewa na Ansel. Maren angekubali kukatwa mkono kabla ya kuupitisha chini ya kazi ya babake. Na asiangalie kwa nini? Mama yake alimwambia baba ni mzima.

"Unakwenda wapi na aproni?" Opal akauliza, maana Nedra alikuwa ameshafika mlangoni, anapigana na gunia la unga.

"Kuwafuata."

"Kuwafuata kina nani? Kuna nini, dada?"

Hata hapo hakuweza kusema. Nakwambia hata hapo! Mtoto wake yuko barabarani na kifo kimefungwa nyuma yake, na ulimi wa Nedra ukakataa kumtaja Ansel mbele ya Opal. "Wamesahau kitu," alisema, akatoka.

Gari lake dogo lilikuwa na redio ya madereva, maana Nedra hakuwahi kuwa na chombo kisicho na redio, na kwenye ile pikapu ilikuwapo nyingine. Lakini redio hizi hazifiki mbali, na milima inakata. Akaingia barabara kuu. Kibao kikubwa cha taa pale kwenye maingilio kilikuwa kinamwaga onyo: upepo mkali, matela mepesi hatarini. Majani makavu yalikuwa yanavuka barabara yamelala, hayagusi chini. Usukani ulimvuta kulia, akaurudisha, ukamvuta tena.

Mbele kidogo aliona taa za polisi zinawaka. Akaona tumbo la tela juu ya majani, magurudumu hewani, yanazunguka polepole kwa upepo. Akatafuta rangi. Tela lao ni la kijani. Hili lilikuwa jeupe, la kulalia watu wa likizo, limepasuka magodoro nje. Akapita huku anasema asante Mungu, asante Mungu, na mara akajisikia vibaya, kwa sababu kando ya barabara alikuwa amesimama mwanamke amejifunika mikono usoni. Hakusimama. Alizidi kukanyaga mafuta, yeye aliyewafokea wengine miaka yote kwa kasi.

Akashika redio. "Maren. Maren, unanisikia? Ni mama."

Kelele tu. Akarudia, akarudia. Barabara ikaanza kupanda kuelekea mlima wa Cutler, na ng'ambo ya mlima ule kuna mteremko mrefu unaoogopwa na madereva wa malori yote yanayopita nchi hii, wenye upepo wa ubavu na kona mbili.

Sauti nzito ya mwanamume ikaingia. "Mama unayemtafuta Maren, hapa ni Mzee Viazi, nimetoka Idaho na mzigo wa viazi. Binti yako ana pikapu nyekundu na tela la farasi la kijani?"

"Ndiye! Uko naye?"

"Niko mgongoni kwake. Tunapanda Cutler. Mama, nisikufiche, hilo tela lake silipendi. Linaruka ruka mbele. Kama kofia isiyo ya kichwa chako."

Nedra akahisi baridi mpaka kwenye meno. Mpira mdogo. Hakuhitaji kuuona. "Mpigie taa, awashe redio!"

Zikapita dakika ambazo alizihesabu kwa mapigo ya moyo tu. Kisha: "Mama? Mbona uko barabarani? Kuna nini, nani kaumia?"

"Hakuna aliyeumia. Maren, simama."

"Hapa? Upepo huu? Nikisimama hapa litalala. Nitasimama kule chini, tukimaliza mteremko."

"Usishuke! Pale juu pana uwanja wa malori wa kukagulia breki. Ingia pale. Usiteremke na tela hilo."

"Kwani lina nini?"

Redio ile inasikiwa na kila dereva aliye karibu. Inasikiwa na Mzee Viazi, na wengine walionyamaza wanatega masikio, na nusu yao wanamjua Ansel Brekke, walishafungiwa matela na Ansel Brekke. Zaidi ya yote inasikiwa na mtu aliyeketi kando ya Maren, na mtu huyo sasa akaikamata redio mwenyewe.

"Nedra," alisema Ansel, sauti yake imetulia kabisa, ya furaha hata, "acha kumtisha mtoto. Tela nimelifunga kwa mkono wangu."

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini hiyo nusu nayo ni shari, na inauma.

"Ndiyo maana namsimamisha," alisema Nedra. "Maren, nisikilize. Babako hawezi tena. Tangu masika hawezi. Kila safari nasimama nyuma ya kilima narekebisha, nikakudanganya kuwa ni mzima. Mpira alioutia si wenyewe. Kichwa kitachomoka. Ingia pale juu, kwa jina la Mungu."

Kwenye redio hakuna aliyetia mzaha, na hawa ni watu wanaotaniana mpaka kwenye ajali.

Kisha Mzee Viazi: "Mkia! Binti, mkia unacheza!"

Upepo ulikuwa umewapiga pale kwenye pengo kabla ya kilele. Nedra sasa alikuwa anawaona, mbali juu, kitu kidogo cha kijani kinachotikisika kushoto na kulia nyuma ya kitu kidogo chekundu, na kila kutikisika ni kukubwa kuliko kwa kwanza.

"Usikanyage breki," alisema. Alishangaa sauti yake ilivyokuwa chini. "Maren, mwanangu, usikanyage. Mguu toa kwenye mafuta. Usukani usiufuate, ushike sawa. Finya cha mkono. Kidogo. Kidogo tena."

"Linanivuta, mama."

"Liache likuvute. Finya, usiachie. Usimtazame babako, tazama mbele."

Mzee Viazi alikuwa amewasha taa zake zote za hatari na kuziba njia nyuma, hakuna gari linaloweza kupita. Kile kitu cha kijani kikaenda kushoto, kikarudi, kikaenda kushoto kidogo, kikanyooka. Kikapanda taratibu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kikakunja kuingia uwanjani, kikasimama. Nedra akagundua kwamba alikuwa akiuma ncha ya aproni.

Alipofika, lori la viazi lilikuwa limeegeshwa upande wa upepo kuwakinga, na Maren amesimama ameshika mlango, mweupe kama unga. Farasi walikuwa wanapiga kwato ndani. Nedra alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamwachia, akaenda moja kwa moja nyuma ya pikapu, akapiga magoti, akatia mkono chini.

"Njoo," alimwambia. "Tia mkono."

Maren akasita. Yuko ukingoni mwa mteremko wa Cutler na bado alisita! Kisha akatia mkono. Nedra alimwona anahisi: kichwa cha tela kilikuwa kimeshapanda upande mmoja, komeo limefungwa, pini imetiwa, na ndani yake kile kimpira kimeegemea ukingo tu. Maren akatoa mkono, akaenda pembeni, akatapika.

"Kwa nini hukuniambia?" alisema aliporudi. Hakupaza sauti. Nedra angependa angepaza. "Farasi wanne wale, na baba, na mimi. Kwa nini, mama?"

"Nilimwonea haya."

"Haya."

"Ndiyo." Mbele ya mwanawe neno lile lilisikika dogo na la kipumbavu, na lilikuwa ndiyo kweli yote.

Mlango wa upande wa pili ukafunguka, Ansel akashuka, anashikilia kofia. Akaja kwa mwendo wake ule ule wa mtu asiye na haraka, akamwona mkewe, uso ukachangamka. "Wee, umetufuata na aproni? Viazi vya watu vinaungua huko." Hakuwa anajifanya. Yale yote ya kwenye redio yalikuwa yameshapeperuka, hayapo. Akawapita, akainama kutazama walichokuwa wakitazama. Hakuhitaji kutia mkono. Jicho lake lile la zamani lilikuwa zima.

Alipoinuka uso ulikuwa mwekundu kwa hasira. "Nani kafunga hii?"

Mwenye lori akageuka akatazama milima. Maren akatazama chini.

"Nauliza, nani kafunga upuuzi huu? Na mwanangu yuko ndani? Mtu aliyefanya hivi asiguse tela la mtu tena maisha yake yote. Nipeni jina lake."

Nedra alikuwa nalo neno tayari mdomoni. Mimi. Ni mimi, Ansel, nilikuwa na haraka. Angemfokea, angesamehe, wangerudi nyumbani, na Ansel angebaki Ansel mpaka safari ijayo. Lilikuwa jepesi kama lile la mezani. Akamtazama Maren, ambaye alikuwa bado anajifuta mdomo kwa kiganja.

"Ni wewe, Ansel," alisema.

Akacheka. Akamtazama Maren acheke naye. Akamtazama yule dereva asiyemjua. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, na Nedra akaona macho ya mumewe yanageuka ndani, yanatafuta asubuhi ile, banda lile, mpira ule, na hayapati kitu.

"Leo?" akauliza.

"Leo."

Hakubishana. Aliketi kwenye ngazi ya lori la watu, glavu magotini, wakati mkewe na binti yake wanamshusha farasi mmoja baada ya mwingine, wanaliinua tela na kutia mpira mkubwa wa akiba, ambao Nedra alikuwa nao garini tangu siku ile ya nyuma ya kilima. Walipomaliza Maren alitia mkono chini ya kazi ya mama yake mbele ya mama yake, na Nedra akamwambia arudie.

Tela siku hizi linafungwa na Nedra. Lakini asubuhi za safari Ansel huwahi kuamka, anavaa glavu, anatoka kwenda bandani kama alivyotoka maisha yake yote, na Nedra anamkuta mlangoni pa banda anashangaa kwa nini pamefungwa. Hamdanganyi. Anamwambia yote, mpira, Cutler, Maren. Na kila asubuhi mume wake anayasikia kwa mara ya kwanza, uso unamwanguka vile vile, na anauliza vile vile kama mtoto aliumia. Hakuumia, Nedra anamjibu. Anamvua glavu, anamrudisha ndani kwenye joto, kisha anakwenda kupakia farasi, mzito mbele.